Nyayo Zimeishia kwa Mwalimu

"Kupiga Windows si upasuaji, Mwalimu. Kaa hapo, agiza soda," fundi Nassib alisema, akaivuta kompyuta upande wake wa meza.

Honoratha hakutaka soda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, macho kwenye mashine yake kama mama aliyemkabidhi mtoto kwa daktari asiyemfahamu. Ilikuwa kompyuta nyembamba ya rangi ya majivu, mpya kiasi kwamba hata ile nailoni ya kwenye kioo alikuwa hajaibandua. Wanafunzi wake wa Jiografia pale Sirari walikuwa wanamtania kwamba Mwalimu anaiogopa mashine kuliko anavyomwogopa mkuu wa shule.

Kilichomleta Tarime mjini ni chuo. Walikuwa wametangaza kwamba mtihani wa mwisho wa uzamili utafanyika kwa mtandao, na programu ya mtihani haifunguki kwenye Windows ya zamani. Kila mtu apandishe toleo kabla ya wiki ya mtihani, asiyefanya hivyo asubiri mwaka mwingine. Honoratha alikuwa amesubiri miaka ya kutosha.

"Kitu kimoja kinanishangaza," Nassib alisema. Alikuwa mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye mazoea ya kuongea na mashine na wateja kwa sauti ile ile. "Mashine mpya, lakini Windows iliyomo ni ya babu yake. Mtu anauzaje gari jipya lenye injini ya trekta? Nani alikuuzia hii?"

"Sikuuziwa. Nilizawadiwa na wakwe zangu."

Alilisema hilo kwa sauti iliyomfikia hata mama mmoja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti pembeni. Na angeachaje? Wanawake wengi wanaoolewa huku wakitoka mbali wanaishia kuitwa wageni mpaka wanazikwa. Yeye, mtu wa Muleba, alikuwa amechinjiwa mbuzi kijijini Nyanungu na ukoo mzima wa mume wake, kwa sababu mkopo wa mshahara wake ndio ulioezeka nyumba ya mama mkwe na kumpeleka shemeji yake Rabson chuo cha udereva. Mama mkwe, Bibi Gati, ndiye aliyemletea zawadi, imefungwa kwenye kitenge kipya, akasema mbele za watu kwamba huyu si mke aliyeolewa hapa, huyu ni binti aliyezaliwa hapa. Honoratha alilia siku ile mpaka akaona aibu.

Nassib alichomeka flashi yake na kuanza kazi. Mashine ilikubali, ikapanda mpaka katikati, ikasimama, halafu ikarudi ilikotoka. Akajaribu tena. Ikarudi tena.

"Inagoma kupandishwa juu ya hii iliyopo," alisema. "Huyu aliyepiga Windows ya kwanza aliunga-unga tu. Dawa yake ni kufuta yote nipige mpya. Kazi zako nimeshazihamishia kwenye flashi. Nifute?"

"Futa. Mimi nataka mtihani."

Akafuta. Kazi ilienda vizuri, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, ikauliza nchi, ikauliza lugha, ikaomba mtandao. Nassib akaiunganisha na simu yake na kujinyoosha mgongo. "Hapa sasa itakuuliza jina lako, Mwalimu. Andaa jina."

Haikuuliza jina. Kioo kilikuwa cheupe kwa muda, halafu ikatokea picha ya mama aliyebeba mtoto, na chini yake maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili: Karibu Mama Kwanza, ofisi ya Morotonga, Mugumu. Weka barua pepe yako ya kazi. Kama wewe si mtumishi wetu, kifaa hiki kimeibwa, tafadhali piga namba hii.

Nassib aliondoa mikono kwenye vitufe taratibu, akaiweka mapajani.

"Hii ni nini?" Honoratha aliuliza, ingawa alikuwa amesoma kila neno.

"Mashine za mashirika zinafungwa hivi, Mwalimu. Usajili wake hauko humu ndani, uko huko kwenye mtandao. Aliyeileta alipiga Windows bila kuiunganisha mtandao, ikanyamaza. Leo tumeipiga upya, imeuliza kwao mimi ni nani, na kwao wamejibu." Akaichomoa flashi yake. "Wenyewe huenda wameshajua kwamba imewashwa."

Yule mama wa picha za pasipoti alikuwa amesogea kuona. Alisoma, akamtazama Honoratha kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akauhamisha mkoba wake kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, mbali na alipokaa Mwalimu. Honoratha angependa kama angesema neno.

"Nikulipe kiasi gani?" aliuliza, akifungua pochi.

"Usinilipe. Ukinilipa nimefanya kazi, na mimi hii kazi sijaifanya." Nassib alifunga mashine na kumsogezea. "Mwalimu, unisamehe. Na mimi huku ni mgeni kama wewe."

*

Alimpigia mume wake akiwa amesimama nyuma ya duka, karibu na mapipa ya maji. Sadock Mogesi alikuwa wakala wa forodha mpakani Sirari, mtu aliyezoea kupokea simu tatu kwa wakati mmoja na kuzikatisha zote. Hii hakuikatisha. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usipige namba yoyote," alisema. "Usiongee na mtu. Njoo nyumbani."

Njia nzima kurudi Sirari, Honoratha alikuwa anajiuliza ni kitu gani kwenye simu ile kilichomkera, kwa maana mume hakugomba, hakupiga kelele. Alipofika kwenye mlango wake ndipo alipokipata. Sadock hakuuliza ni shirika gani. Mtu akiambiwa kitu chake ni cha wizi, swali la kwanza si ni cha nani?

Alimkuta sebuleni na mdogo wake. Rabson alikuwa amekaa kwenye kiti kile cha mikono anachokipenda, chai mbele yake, sukari ya nyumba nzima imeishia kwenye kikombe chake kama kawaida. Binti yao Precious alikuwa amepelekwa kwa jirani. Kwa hiyo kikao kilikuwa kimeshaandaliwa.

"Shemeji, pole," Rabson alisema. "Hao mafundi wa Tarime ni wambea tu. Ungenipa mimi, kuna kijana hapo ng'ambo, Isebania, angekupigia hiyo Windows bila maneno."

"Umeitoa wapi, Rabson?"

"Nilipewa na watu."

"Watu gani?"

"Watu wa biashara, shemeji. Nilikuwa mnadani Mugumu, watu wana mzigo wanataka uvuke haraka. Nikawavushia. Wakanipa moja, asante ya kazi." Alipuliza chai. "Na mimi sikukuletea hivi hivi kama mjinga. Ilivuka ikakaa Isebania, ndipo ikarudi. Kitu kikishavuka mpaka kikarudi hakina nyayo. Hata ng'ombe ni hivyo hivyo, muulize kaka."

Msomaji asiyetoka huku aelezwe. Ng'ombe wakiibwa, vijana hufuata nyayo, na boma ambalo nyayo zinaishia ndilo linalojibu. Ama lionyeshe zilikoendelea, ama lilipe. Hakuna kusema sijui. Ndiyo maana wezi wa zamani walikuwa wanavusha mifugo mpaka upande wa pili na kuirudisha kwa njia nyingine, ili nyayo zichanganyike na za ng'ombe wa watu. Rabson alikuwa ameirithi akili hiyo bila kurithi ng'ombe.

Honoratha alimgeukia mume wake. "Ulijua?"

Sadock aliangalia mikono yake. "Nilijua imevuka. Sikujua ilikotoka."

"Hukujua au hukuuliza?"

"Mama Precious, ulikuwa unasomea simu. Ulikuwa unaandika kazi za chuo kwa kidole kimoja, usiku macho yanakutoka machozi. Mimi sikuwa na uwezo wa kukununulia mpya. Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Nililia mbele za ukoo wako kwa furaha, na wewe umesimama pale unanipigia makofi, na unajua."

Nje, malori yaliyopanga foleni ya kuvuka yalikuwa yananguruma. Rabson ndiye aliyeona afadhali aseme.

"Sasa shemeji, yaliyopita si ndwele. Wakikupata, sema ulinunua kwa mtu wa Isebania, humjui jina, ulimlipa mkononi. Basi. Wewe ni mwalimu wa serikali, mwalimu hafungwi kwa kitu kidogo kama hicho. Sana sana watakuhamisha, na hata hivyo si huwa unaomba uhamisho urudi kwenu? Mimi nikishikwa ni jela. Kaka akitajwa leseni ya forodha imekwenda, nyumba nzima mtakula nini?"

Sadock alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Koma, mura. Huyu ni mke wangu. Mimi nikiwepo, nyayo haziwezi kuishia kwake."

Tusimlaumu Honoratha kwa kuamini. Maneno yale yalikuwa mazuri, na mwanamke aliyekuwa na siku mbaya kiasi kile hukamata neno zuri lolote linalopita karibu. Alimtazama mume wake, akaona kijana yule yule aliyemfuata kituo cha basi miaka ile akambebea sanduku bila kuulizwa. Akainuka kwenda kupika.

*

Nassib alipiga ile namba. Si kwa ubaya. Aliogopa tu kwamba simu yake ndiyo iliyoipa mashine mtandao, na kwamba wenye mali wangeanzia kwake. Aliwaambia ukweli: mashine imeletwa na mwalimu wa kike wa Sirari, mtu wa heshima, amesema ni zawadi ya wakwe, na namba yake ya simu ni hii.

Simu ilimkuta Honoratha shuleni, kwenye korido. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Brenda, msimamizi wa ofisi ya Morotonga, na kwa kweli alikuwa mpole kuliko ilivyotarajiwa.

"Mwalimu, mimi sitaki kukudhalilisha. Mashine yenyewe ni ya kwangu, niliitumia wiki mbili tu. Vilichukuliwa vitu vingi siku ile ya wizi, na vile vya vipimo vya wajawazito ndivyo vinavyotuumiza. Mlinzi wetu, mzee Okeyo, mpaka leo yuko rumande, wanasema alifungua geti. Ninaloomba ni kujua ilipitia wapi mpaka ikafika kwako. Ukinieleza, nitakuwa upande wako."

Honoratha alifungua kinywa, akakumbuka amevaa pete. "Nipe muda niongee na mume wangu," alisema.

Huku mpakani habari haina haja ya lori, inavuka kwa miguu. Kabla ya wiki kwisha, pale ofisi ya walimu watu walikuwa wanachomoa chaja zao wakitoka kwenda vipindini. Mwalimu Desderius wa Hisabati, ambaye hakuwahi kufunga droo yake tangu aajiriwe, alinunua kufuli. Kisha mkuu wa shule alimwita, akamwongelesha habari za mvua, akamaliza kwa kumwomba funguo za maabara ya kompyuta.

"Kwa muda tu, Mwalimu. Unajua maneno ya watu."

"Mimi ndiye niliyeiomba hiyo maabara mpaka ikaletwa."

"Ndiyo maana nasema kwa muda."

Alizitoa kwenye shada lake moja baada ya nyingine, mkuu akitazama dirishani. Jioni alimweleza Sadock, akidhani atakasirika. Sadock alisema tu kwamba mambo yanakwenda kwisha. Wazee wa Nyanungu walikuwa wameomba liongelewe kwanza nyumbani, kwenye baraza la kijiji wanaloliita ritongo. Yule Brenda alikuwa amekubali kuja pamoja na askari mmoja asiyevaa sare, maana alichotaka yeye ni vile vipimo virudi.

"Hapo nitasimama mimi," Sadock alisema. "Wewe uje na mashine tu. Hutasema kitu, nitasema mimi."

"Utasema nini?"

"Nitasema kinachotakiwa kusemwa."

*

Waliketi kwenye uwanja ule ule wa Bibi Gati, mbele ya nyumba yenye bati la mkopo wa Honoratha. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini upande wa jiko. Wengi walikuwa ndio wale wale waliokula mbuzi wa sherehe. Honoratha aliwasalimia wazee kwa shikamoo, mmoja baada ya mwingine, na marahaba zikarudi, lakini zilirudi haraka na bila macho. Aliona nafasi karibu na wifi zake. Alipokaribia, wakajinyoosha miguu, nafasi ikaisha. Akakaa peke yake kwenye kigoda karibu na ghala la mahindi.

Mashine aliileta ikiwa imefungwa kwenye kitenge kile kile. Hakuwa na maana yoyote, ni kwamba ndivyo alivyokuwa anaihifadhi siku zote.

Mwenyekiti wa baraza aliongea kwa Kikurya kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Alisema hapa hapajaitwa mahakama. Hapa panafuatwa nyayo. Mali imetoka Morotonga, imeonekana Tarime mikononi mwa mke wa Sadock. Nani ana neno la kuonyesha ilipopita?

Rabson alikuwa ameegemea nguzo ya ghala, anachezea funguo za pikipiki. Sadock akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe la ofisini, na Honoratha, aliyelipiga pasi asubuhi ile, aliona limemkaa vizuri.

"Wazee, nawasalimu," Sadock alisema. "Mimi ni mtu wa sheria, leseni yangu ni ya serikali, siwezi kuficha. Mashine hii sijui ilikotoka. Nilimkuta nayo mke wangu nyumbani. Nilipomuuliza, aliniambia amenunua kwa mtu wa Isebania. Nilimwonya. Mjue tu kwamba yeye ni mtu wa Muleba. Mambo yake yote mimi siyajui."

Akakaa. Hakugeuka upande wa ghala hata kidogo.

Honoratha alisikia maneno yale kwa utaratibu wake, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililomchanganya. Kilichomuuma zaidi si uongo. Ni kwamba ulikuwa umepangwa vizuri, una mwanzo na mwisho, kwa hiyo haukutungwa pale. Ulikuwepo wakati anapiga pasi. Ulikuwepo pengine hata ile siku aliyopiga meza. Alimchukia kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, na chuki yenyewe ilimshtua.

"Kuna mwingine?" Mwenyekiti aliuliza.

Baba mdogo wa Sadock alisema ni kweli, mwanamke alikuja nayo. Wifi mmoja akasema naye alisikia hivyo. Bibi Gati alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Alikuwa ameambiwa na wanawe usiku uliotangulia kwamba asijibu kitu, kwamba mashine ilikuwa na mkosi, kwamba akifungua mdomo Rabson atazeekea gerezani. Mama gani atafungua mdomo?

"Basi nyayo zimeishia kwa Mwalimu," Mwenyekiti alisema. "Mwalimu, huku ni ama uonyeshe zilikoendelea, ama ulipe. Una neno?"

Brenda, aliyekuwa amekaa na yule askari karibu na gari, alimtazama kwa huruma; ya zawadi alikuwa ameyasikia kwa fundi, lakini hayo nayo yalikuwa maneno ya Mwalimu mwenyewe. Kila mtu alingoja alie au amtaje Rabson. Angemtaja ingekuwa neno la mgeni mmoja dhidi ya ukoo, na lisingekwenda popote. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi.

"Ni kweli," alisema. "Nimenunua."

Watu wakashusha pumzi. Rabson aliacha kuchezea funguo.

"Nilinunua Isebania kwa mtu nisiyemjua jina, kama mume wangu alivyosema. Mashine nilinunua." Akakiinua kifurushi juu wote wakione. "Na hiki kitenge nilinunua kwa mtu yule yule. Alinifungia bure, hata hakikuwa kitenge cha maana. Cha bei rahisi tu, kinachuja."

Kijiti cha Bibi Gati kilisimama.

"Kitenge kipi?" aliuliza.

"Hiki, mama."

"Hicho unasema kinachuja?"

"Mama," Rabson alisema kwa sauti ya chini.

"Hicho unasema ulinunua wewe? Isebania?" Bibi Gati alikuwa ameshanyanyuka, mkono mmoja kiunoni, na mawifi hawakuwahi kumshika. "Mimi niliuza mahindi yangu nikaenda sokoni Tarime mwenyewe, nikachagua mpaka muuzaji akanichoka. Nikasema binti yangu simpi kitu uchi. Nikakufungia hicho kidude kwa mikono yangu hii, Rabson amekishika hapa, Sadock ameshika pale, nakaza fundo. Leo unaniambia ulinunua?"

Kuku walipita katikati ya mabenchi bila mtu wa kuwafukuza. Mpaka leo watu wa Nyanungu wanabishana kama neno lile lilimponyoka yule bibi kwa hasira au alilitoa kwa makusudi. Wengine wanasema alikuwa amelitafuta usiku kucha mahali pa kulipitishia. Mwenyewe hajawahi kuulizwa, kwa sababu nani atamuuliza?

Yule askari alisimama, akajikung'uta suruali, akatembea mpaka kwenye nguzo ya ghala. Rabson hakukimbia. Alimtazama mama yake kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, akasema, "Mama, umenimaliza."

"Na mzee wa watu aliyefungwa kwa ajili ya geti la Morotonga," Bibi Gati alijibu, "yeye hana mama?"

"Nyayo zimeendelea," Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akamwangalia Sadock. "Na wewe mtu wa sheria, kaa hapo hapo. Bado tuna maneno na wewe."

*

Brenda aliifungua mashine juu ya boneti ya gari, akaiunganisha na simu yake, akaandika barua pepe yake na neno la siri. Haikubisha. Ilizunguka kidogo, ikamsalimu kwa jina, ikaanza kumpangia kazi zake mahali pake. Honoratha alisimama kando akitazama. Mtihani ulikuwa wiki ile ile, na hakuwa na mashine, na wala hakuwa na uhakika kama Jumatatu atakuwa na kipindi.

"Nitamwandikia mkuu wako wa shule," Brenda alisema. "Na twende wote Tarime ukaandike maelezo, ili mzee Okeyo atoke. Nitakurudisha mwenyewe."

"Twende. Kisha unipitishe kwa jirani yangu Sirari nimchukue mwanangu."

Sadock alikuwa amekuja mpaka karibu na gari. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Aliongea taratibu ili wazee wasisikie.

"Mama Precious. Nilibanwa. Unajua ukoo. Baada ya hapa twende nyumbani, tuongee kama watu wazima."

Honoratha alikuwa na mengi, na yote yalikuwa yamefika mdomoni. Kuhusu mkopo, na bati, na zile funguo alizozitoa moja moja. Mwishowe aliona yote yatakuwa ni kumfanya Sadock aonekane bado ana haki ya kuelezwa.

"Mimi ni mtu wa Muleba," alisema. "Mambo yangu yote huyajui."

Akafungua mlango wa gari. Brenda alikuwa amekunja kile kitenge, akamnyooshea. "Mwalimu, hiki si chetu."

Mkono wa Honoratha ulisita hewani. Alikuwa ameapa moyoni asiondoke na kitu chochote cha boma lile, hata uzi. Nyuma yake alisikia hatua za kuburuta. Bibi Gati alikuwa amekuja bila fimbo, uso umelowa, mwanawe mmoja amekaa chini ya ulinzi na mwingine akimkodolea macho.

"Chukua," bibi alisema. "Hicho ni cha mahindi yangu. Hicho hakina nyayo za mtu."

Honoratha alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa siku ya kwanza alipoletwa hapo. Akajifunga kiunoni, akakaza fundo, akaingia garini.